Ukuta wa nje kwa nyumba za Kigoma: plasta na rangi, rafu (plasta ya kurusha yenye vinundu), tofali wazi, mawe au zile pleti za plastiki?

Nyumba ya mama pale Ujiji tuliipaka rangi ya maziwa, ya mafuta, ile inayong'aa, fundi akasema hii mama unapitisha kitambaa tu inarudi mpya. Ilipendeza kweli. Mvua za Novemba zikaanza, mwezi haujaisha kuanzia chini mpaka usawa wa goti nyumba nzima imekuwa na mkanda mwekundu wa udongo, tukasema sawa tutaosha. Mwaka wa pili yakaanza kutoka malengelenge, nikabonyeza moja kwa kidole likapasuka, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiganja, na plasta ya nyuma yake ilikuwa laini kama andazi lililokaa kwenye chai. Toka siku ile hii habari ya kuta za nje nimeifuatilia kwa nguvu zote, nimeuliza mafundi, nimezunguka mitaa ya Mwanga, Gungu na Katubuka naangalia nyumba za watu zimefanyaje baada ya miaka mitano, kumi, na sasa nina ya kwangu Mwandiga imeshaezekwa inasubiri kuvishwa na mdogo wangu naye Gungu yuko hatua hiyohiyo, kwahiyo naandika nilichokipata, labda kitamsaidia na mwingine.

Kwanza tuelewe ukuta wa huku kwetu unakufaje, maana ukikosea hapo utachagua kwa macho tu. Huku mvua inaanza Oktoba mwishoni au Novemba inaenda mpaka Mei, na nyumba nyingi hazina gata, maji yanashuka toka kwenye bati yanapiga chini kwenye udongo mwekundu, udongo unaruka ukutani. Ukipima mkanda ule kwa futi utakuta ni kama sentimita 50 mpaka 60 hivi, juu ya hapo ukuta uko safi tu. Alafu kuna maji ya pili ambayo huyaoni, yale yanayopanda kutoka kwenye msingi, sababu tofali la kuchoma linanyonya maji kama sponji na nyumba nyingi za zamani hazikuwekwa ule mkanda wa nailoni juu ya msingi, mafundi wanaita dipisi. Jua ndo la tatu, Juni mpaka Septemba linawaka kavu na vumbi juu yake.

Kwahiyo ukuta wetu una sehemu mbili, chini na juu, na hazifi ugonjwa mmoja. Hili ndo jambo ninalotaka mtu alishike kabla hajaenda dukani. Watu wanauliza "nipige rafu au nipake rangi" kama vile nyumba nzima lazima ivae nguo moja, wakati futi tatu za chini zinapigana na maji na tope na futi saba za juu zinapigana na jua.

Tuanze na plasta na rangi sababu ndo wengi tunafanya. Uzuri wake, kila fundi anaijua, ikiharibika unarekebisha kipande, rangi ukiichoka unabadili. Ubaya wake mwingi sio wa plasta yenyewe, ni wa namna tunavyoipiga. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 una ujazo kama lita 35, kwahiyo ukitaka moja kwa nne, yaani simenti moja kwa mchanga nne, ni ndoo saba za lita 20 za mchanga, ukitaka moja kwa tano ni ndoo karibu tisa. Plasta ya nje inatosha hapo kati. Usihesabu kwa toroli, toroli hazilingani na saidia fundi akichoka anajaza mlima. Na usimkubalie anayekwambia moja kwa mbili au moja kwa tatu ndo imara zaidi, ile ikikauka inasinyaa sana inatoa nyufa kama ramani, alafu maji yanaingilia humohumo kwenye nyufa yanakaa nyuma. Tofali zimwagiwe maji kabla, zikiwa kavu zinanyonya maji ya plasta yote na simenti inabaki vumbi. Ikishapigwa imwagiwe maji siku saba asubuhi na jioni, alafu iachwe kama wiki nne ndo rangi iguse. Hapo kwenye wiki nne ndo tunakosaga uvumilivu, sikukuu inakaribia mtu anapaka plasta bado mbichi.

Mchanga nao. Mchanga wa ziwani ni mzuri kwa macho, mweupe, laini, lakini ni wa duara na wa saizi moja haushikani vizuri, wa mtoni una punje kubwa na ndogo zinabanana, ila wa mtoni nao unakuja na tope. Pima mwenyewe, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu ile ya plastiki ing'avu, weka mchanga kidogo zaidi ya nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, acha mpaka kesho. Mchanga utalala chini na tope litakaa juu yake kama krimu. Mchanga ukiwa sentimita 12, tope lisizidi sentimita moja. Likizidi rudisha lori au uoshe, hamna rangi duniani itakayoshika juu ya tope.

Sasa kwenye rangi yenyewe, ya maji au ya mafuta? Mimi nilikuwa upande wa mafuta mpaka yale malengelenge. Fundi mmoja mzee nilimpeleka Ujiji kuangalia, nikamwambia shikamoo mzee, nieleze, rangi hii ilikuwa feki? Akapitisha mkono ukutani akasema, "Marahaba mwanangu. Rangi haina kosa. Ukuta unataka kupumua, nyie mmeuvalisha mfuko wa nailoni." Basi ndo hiyo. Maji yaliyomo ndani ya tofali jua likiwaka yanataka kutoka, rangi ya mafuta imeziba, yanaisukuma. Rangi ya maji ya nje, ile maalumu ya kuhimili jua na mvua, inazuia mvua ya nje ila mvuke wa ndani unapita. Kwa ukuta wa nje wa tofali la kuchoma kwangu hii mada imefungwa, rangi ya maji ya nje juu, ya mafuta ibaki kwenye milango na madirisha. Na msichukue rangi ya maji ya ndani mkaipaka nje kwa kuwa ni rahisi, mwaka mmoja ukipitisha mkono unga wote unabaki kiganjani.

Kuna wanaoweka skimu nje ukuta uwe laini kama sebuleni. Kama ni ile poda ya jipsamu usithubutu, jipsamu ikilowa inarudi kuwa uji. Ile ya simenti nyeupe inavumilia, lakini kwa kweli ni pesa ambayo ningeipeleka kwenye gata.

Rafu, ile plasta ya kurusha yenye vinundu. Nyumba nyingi za zamani za serikali zina hii na ukienda kuangalia zimesimama vizuri kuliko za juzi. Inapigwa juu ya plasta ya kwanza, mchanga mnene au na vikokoto vidogo, inarushwa kwa mashine ya mkono au kwa mwiko. Ikilinganishwa na plasta laini rafu inaficha ukuta uliopinda, na tofali zetu za kienyeji zimepinda haswa, inaficha nyufa ndogo, na mvua ikipiga maji yanavunjikavunjika kwenye vinundu hayashuki kama mto. Ila inakula rangi karibu mara mbili, ndoo ya lita 20 ambayo kwenye ukuta laini inakupa kama mita za mraba 80 mpaka 100 kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, kwenye rafu unaweza usifike hata 50. Vumbi la kiangazi linakaa kwenye vinundu halitoki kwa kitambaa, lazima brashi na maji. Na ukishapiga umepiga, kuitoa ni kazi ya nyundo. Watoto wakikimbizana uani mmoja akijiparuza kiwiko pale utamsikia mpaka kwa jirani, kwahiyo kwenye korido nyembamba na barazani wanapokaa watu mimi siweki.

Kitu kizuri kuhusu rafu ambacho wengi hawakitumii, unaweza kuchanganya oksaidi nyekundu, ile rangi ya unga tunayowekaga kwenye sakafu, ndani ya simenti yenyewe. Rangi inakuwa ya mwili mzima haibanduki. Na nyekundu ile na udongo wetu ni ndugu, tope likiruka halionekani.

Tofali wazi, yaani huplasti kabisa, unapiga pointi tu, yaani kujaza simenti kwenye maungio. Hii ndo ninayoipenda kwa moyo, niseme ukweli. Kuna nyumba moja njia ya Mwandiga ukiipita jioni jua linazama upande wa ziwani inawaka kama kaa la moto. Na kwa hesabu ni rahisi, unaokoa mifuko yote ya plasta na rangi ya maisha. Lakini uamuzi wake unafanyika kabla hujajenga, sio baadae. Tofali liwe limeiva, ukigonga mawili yanalia kengele, sio yale ya pembeni mwa tanuru yaliyobaki rangi ya chungwa hafifu, hayo yakilowa miaka miwili yanamomonyoka unakuta unga chini ya ukuta kila asubuhi. Fundi naye awe wa kozi, ile mistari ya tofali, zilizonyooka, na simenti isichuruzike usoni mwa tofali. Pointi ipigwe moja kwa tatu na isiwe ya kuzama sana, mstari ukizama maji yanakaa kwenye kingo ya tofali la chini. Mimi nyumba yangu nilishajenga kwa tofali mchanganyiko maana nilikuwa nanunua kidogokidogo kwa watu tofauti, kwahiyo mlango huu kwangu ulishafungwa. Mwenye bado kiwanja kitupu alifikirie hili sana. Ila tanuru linakula kuni nyingi mno jamani na milima yetu mnaiona ilivyo, ukichoma, choma tofali unazohitaji tu na zote zitumike.

Vanishi juu ya tofali wazi hapana. Inang'aa msimu mmoja alafu inakuwa njano inabanduka vipande, na inaziba pumzi kama rangi ya mafuta. Kama unataka kinga tafuta dawa ya kufukuza maji ya silikoni isiyong'aa, inaingia ndani ya tofali na ukuta unabaki na sura yake, unarudia baada ya miaka kadhaa.

Mawe. Hapa namaanisha mawe bapa ya milima yetu yanayochongwa, sio zile pleti za mawe ya kutengeneza. Nyumba nzima kwa mawe ni gharama kubwa na uzito mkubwa, sishauri, lakini kwa mkanda wa chini hamna kinachoyashinda. Tope likiruka mvua inayofuata inaosha. Mtoto akipiga mpira, kuku akichakura, jembe likigonga, hamna kitu. Shida ni fundi kubandika kwa kuweka donge la simenti katikati ya jiwe tu, pembeni panabaki hewa, maji yanaingia nyuma na siku moja jiwe linakuja chini. Jiwe lipakwe mgongo mzima, ukimaliza pitia unagonga kwa fundo la kidole, linalotoa sauti ya debe tupu litolewe siku hiyohiyo kabla halijakauka. Hivyohivyo kwa vigae, nimeona watu wanapeleka vigae vya bafuni vya ukutani nje, vile vinanyonya maji vinapasuka uso, ukitaka vigae chukua posileni, vile vigumu visivyonyonya maji, na gundi yake.

Zile pleti za plastiki sasa, maana kaka yangu aliyeko Dar kila wiki ananitumia video ya nyumba za Marekani zinavishwa mbao za plastiki kwa siku mbili nyumba mpya. Nimezisoma. Kwao mantiki ipo, nyumba zao nyingi mifupa yake ni mbao na ukuta wake bila lile vazi mvua inaingia moja kwa moja, kwahiyo wanavisha vinyo, yaani hizo pleti za plastiki, au mbao, au simenti ya nyuzi, yaani pleti za simenti iliyochanganywa na nyuzi, na nyuma wanaweka karatasi ya kuzuia maji. Vinyo hata haikazwi, msumari unawekwa katikati ya tundu refu na kuachwa umelegea kidogo, sababu pleti ya futi 12 inaweza kutanuka na kusinyaa mpaka nusu inchi kwa joto na baridi. Fundi wetu ambaye hajawahi kuiona ataikaza kama bati na Septemba itapinda kama mkate wa ajemi. Na kwetu ukuta ni tofali, ili uzitundike unapigilia fito za mbao ukutani, hapo umewatengea mchwa meza, na ule uwazi wa nyuma ni nyumba ya nyigu na mijusi. Pleti moja ikivunjika utaipata wapi Kigoma ya rangi ileile? Kaka nakuheshimu sana lakini hapana. Simenti ya nyuzi ingefaa zaidi kuliko vinyo, haiogopi mchwa wala jua, ila na yenyewe inataka fremu ya chuma, na mwenye ukuta wa tofali tayari analipia ukuta wa pili.

Kwa wenye nyumba za tofali mbichi, na ziko nyingi, Kasulu huko, Buhigwe, hata mjini pembeni, tafadhali msikimbilie plasta ya simenti. Udongo ukipata unyevu unavimba, ukikauka unasinyaa, simenti ngumu haiwezi kufuata, inaachia na kushuka kipande kizima kama mlango. Plasta ya udongo uleule wenye mchanga na nyasi zilizokatwakatwa inafuata ukuta, unaipaka upya kila mwaka au miwili baada ya mvua, ukiwa na chokaa changanya inadumu zaidi. Ikibidi simenti basi kwanza pigilia wavu wa kuku ukuta mzima na misumari mirefu, alafu simenti iwe dhaifu yenye chokaa, moja ya simenti, moja ya chokaa, sita za mchanga. Na hapo upenu, ile bati inayotokeza nje ya ukuta, uwe mrefu, angalau sentimita 75.

Upenu ndo silaha tuliyoisahau. Nenda pale stesheni, reli ya Mjerumani ilifika hapa 1914, angalia jengo lile na matao yake ya barazani, ukuta wenyewe wa ndani mvua inaupata kwa nadra sana. Siku hizi tunakata bati fupi tunaficha paa nyuma ya ukuta ili nyumba ionekane ya kisasa, alafu tunanunua rangi ya bei kali kupigana na mvua ambayo bati lingeizuia bure. Kabla hujachagua kati ya hivi vyote weka gata, na kuzunguka nyumba piga jamvi la zege la upana wa mita moja lenye mteremko kwenda nje. Kwa wa karibu na ziwa, Kibirizi na kwingine, mliona wenyewe maji yalivyopanda kuanzia 2020, huko usiweke hata senti kwenye urembo wa ukuta kama kiwanja kinafikiwa.

Sasa hesabu yangu. Nyumba ni mita 10 kwa 12, mzunguko mita 44, urefu wa ukuta mita 3, jumla mita za mraba 132, toa madirisha na milango inabaki kama 115. Plasta ya milimita 15 mfuko mmoja unafanya kama mita za mraba 8 mpaka 10, kwahiyo mifuko 12 mpaka 15. Mkanda wa chini wa sentimita 90 ni kama mita za mraba 37 ukitoa milango. Nimeamua mkanda huo kwangu ni rafu ya oksaidi nyekundu, juu plasta laini na rangi ya maji ya nje, ndoo moja ya lita 20 inatosha. Mdogo wangu yeye ana uwezo kunizidi kidogo na kiwanja chake ni cha mteremko maji yanakuja na nguvu, nimemwambia aweke mawe chini na awe na mtaro upande wa juu, juu apake rangi kama mimi.

Ya mama chini ni mawe pia. Rangi ya juu anataka ileile ya maziwa, na nimemkubalia, maana kilichokuwa kinachafuka ni futi mbili za chini, ila safari hii ya maji. Hatujaanza lakini. Plasta iliyooza tuliibandua yote ya chini Aprili mvua zikiwa zinapungua, tofali ziko uchi zinakauka, zimetoa chumvi nyeupe tunaipiga brashi kavu kila wiki bila maji, fundi kasema mawe mpaka Julai. Jioni akimaliza kuanua dagaa wake mama anapita pale na kupitisha kiganja kwenye tofali, akikuta bado baridi ananipigia simu, "bado mwanangu, asije."